Kabla ya kupiga window upya, ipime kwanza kompyuta yako

Singida. Alizeti zikishauzwa na majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakishatoka, nyumba nyingi mkoani Singida huingia kwenye hesabu ya aina moja: ada, nauli, godoro, ndoo na kompyuta. Vitu vinne vya kwanza havina mjadala mrefu. Cha tano ndicho huitisha kikao cha familia.

Kompyuta mpakato kwa mwanafunzi wa leo si pambo. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufanywa kwa mtandao, udahili vivyo hivyo, na chuoni kazi za darasa huandikwa na kutumwa kwa kompyuta. Familia isiyomudu mashine mpya ina njia mbili: kununua iliyotumika, au kuifufua iliyolala kabatini. Mara nyingi njia zote mbili huishia kwenye meza ya fundi, na jibu la kwanza mezani hapo huwa fupi: “Hii tuipige window upya.”

Shida huanza pale window nayo inapokataa kuingia.

Chukua mfano wa mama mjane wa Ikungi ambaye binti yake amepata nafasi ya chuo mjini Dodoma. Nyumbani ipo kompyuta ya marehemu mumewe, mwalimu. Ikiwashwa inazunguka tu, haifiki popote. Wanaipeleka kwa fundi mjini Singida. Fundi anachomeka flashi na kuanza kusakinisha. Inafika katikati, inakwama. Anarudia, inakwama tena, safari hii mapema zaidi.

“Mama, hapa tufute kila kitu kwenye diski tuanze upya,” anasema fundi. “Ikigoma tena, diski imekufa, tutaweka nyingine.”

“Na picha za baba yao je, mwanangu?” anauliza mama.

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mfumo endeshi unaweza kupatikana tena kesho. Diski nyingine inaweza kununuliwa. Picha za mtu aliyekwishazikwa, barua zake na video ya ubarikio wa mtoto hazinunuliwi popote.

Dalili moja, magonjwa mengi

Kuna somo ambalo sekta ya afya ililipata kwa gharama. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria kwa sababu tu ana homa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo kipimo cha haraka cha tone la damu kipo hadi kwenye zahanati za vijijini. Homa si malaria peke yake; inaweza kuwa nimonia, UTI au kitu kingine kabisa.

Kompyuta inayokataa mfumo endeshi ni kama mtoto mwenye homa. Kukwama ni dalili. Chanzo kinaweza kuwa flashi mbovu, faili lililopakuliwa nusu, kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanayoiita ramu, diski iliyochoka, mipangilio ya ndani isiyolingana, joto, umeme, au mashine kutokuwa na sifa za mfumo unaowekwa. Kila kimoja kina tiba yake, na kufuta diski si tiba ya vyote hivyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupima. Ya pili ni kuanza na kipimo kisichomdhuru mgonjwa.

Okoa kwanza, sakinisha baadaye

Kabla ya jambo lolote, nakala za mafaili ya familia zitoke. Njia salama zaidi ni kuitoa diski, kuiweka kwenye kasha dogo la USB na kuifungua kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Diski ya kawaida ya kompyuta mpakato ya zamani hushikwa na skrubu chache tu, na kasha la namna hiyo mafundi wengi wanalo.

Njia nyingine ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo kama Ubuntu au Linux Mint. Mifumo hii inaweza kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukifika kwenye skrini ya mwanzo, unachagua kujaribu bila kusakinisha, unafungua diski ya zamani, unanakili picha kwenda kwenye diski ya nje. Njia hii inafaa pale tu ramu inapokuwa nzima, kwa sababu ramu mbovu inaweza kuharibu hata nakala unayoitoa.

Lipo angalizo kwa mashine za miaka ya karibuni. Nyingi hufunga diski kwa usimbaji uitwao BitLocker. Ukiitoa diski, au wakati mwingine ukibadilisha tu mipangilio ya ndani, utaombwa namba ya ukombozi yenye tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila namba hiyo, mafaili hayafunguki hata kwa fundi hodari. Ni vyema kila familia yenye kompyuta ya aina hiyo iitafute namba hiyo sasa, iiandike kwenye daftari na kuiweka pamoja na vyeti.

Vipimo vifuatane

Mafaili yakishakuwa salama, hatua zifuate moja baada ya nyingine, na kila hatua iondoe mshukiwa mmoja.

Kwanza ni flashi. Programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya Windows inataka flashi ya angalau GB 8. Flashi nyingi za bei rahisi huandikwa ukubwa ambao hazina, hivyo mafaili ya mwisho huingia yakiwa mabovu. Pia mpangilio wa zamani wa flashi uitwao FAT32 haupokei faili moja linalozidi GB 4, na baadhi ya matoleo ya Windows yana faili kuu linalozidi hapo. Programu kama Rufus hushughulikia tatizo hilo yenyewe. Kipimo chepesi ni hiki: chomeka flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta nyingine nzima na uiwashe kwayo hadi ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, kisha acha hapo, usiendelee. Isipofika hata hapo, flashi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikifika, bado haijasafishwa yote. Tengeneza nyingine kwa flashi tofauti na ujaribu.

Pili ni ramu. Programu ya bure ya MemTest86+ huwekwa kwenye flashi na kuipima ramu bila kugusa diski. Iachwe izunguke kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Kosa hata moja linatosha kuishuku ramu. Mashine ikiwa na vipande viwili vya ramu, kitolewe kimoja, ipimwe, kisha kibadilishwe. Wakati mwingine ramu si mbovu, imelegea tu au ina vumbi kwenye meno yake, na kuichomoa na kuirudisha vizuri kunatosha. Singida ni mkoa mkavu na wenye upepo, hivyo vumbi si jambo la kupuuza.

Tatu ni diski. Kila diski hujiandikia kumbukumbu za afya yake, na programu kama CrystalDiskInfo huzisoma. Ikionyesha sekta zilizoharibika zikiongezeka, hapo ndipo fundi ana haki ya kusema diski ibadilishwe.

Nne ni joto na umeme. Feni iliyoziba vumbi hufanya mashine izime au ikwame inapofanya kazi nzito, na kusakinisha ni kazi nzito. Betri iliyokufa nayo ina maana kwamba umeme ukikatika sekunde moja tu, kazi nzima inaharibika.

Turudi kwa mama wa Ikungi. Katika mfano wetu, diski inatolewa na picha zote zinanakiliwa bila tatizo, na kumbukumbu zake za afya hazina doa. Flashi inafanya kazi vizuri kwenye mashine nyingine. Usiku ule ramu inapimwa, na asubuhi skrini imejaa mistari ya makosa. Kati ya vipande viwili vya GB 4, kimoja ni kibovu. Kinatolewa. Usakinishaji unafika mwisho.

Kukwama mahali tofauti kila safari kulikuwa ishara ya kutazamwa. Ramu mbovu huharibu data kwa bahati nasibu, leo hapa kesho pale. Diski iliyokuwa inataka kufutwa haikuwa na kosa.

Diski ipo, lakini haionekani

Yapo matatizo mengine mawili yanayowasumbua wengi, na hayahitaji kununua kitu.

La kwanza ni usakinishaji kudai haujaona diski yoyote wakati diski ipo na ni nzima. Hili hutokea sana kwenye mashine zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, zinazotumia mfumo wa kusimamia diski uitwao VMD. Dawa yake ni kupakua draiva ya diski kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine, kuiweka kwenye flashi na kuipakia pale usakinishaji unapoiomba. Wengine huizima VMD kwenye mipangilio ya ndani. Inasaidia, lakini window ya zamani iliyomo inaweza kushindwa kuwaka baada ya hapo, hivyo ifanyike mafaili yakiwa yameshatoka.

La pili ni ujumbe kwamba mfumo hauwezi kuwekwa kwenye diski kwa sababu ya mpangilio wake. Mashine za zamani huwaka kwa utaratibu wa BIOS na diski yenye mpangilio wa MBR. Mpya huwaka kwa UEFI na mpangilio wa GPT. Flashi ikiwashwa kwa utaratibu mmoja na diski ikawa ya mwingine, havipatani. Mafundi wengi hukimbilia kufuta migawanyo yote ya diski. Mara nyingi ingetosha kuizima mashine, kuiwasha tena na kuchagua flashi kwa utaratibu unaolingana na diski. Orodha ya kuchagua hutokea kwa kubonyeza kitufe kimoja mara tu mashine inapowaka: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi.

Itazamwe pia saa ya kompyuta. Mashine iliyokaa kabatini miaka mingi hurudi kwenye tarehe ya zamani kwa sababu betri ndogo ya ndani imekwisha. Tarehe isipokuwa sahihi, kupakua masasisho na kuhakiki leseni hushindikana, na mtu hudhani tatizo ni bando.

Mashine inapokataliwa kwa umri

Wapo watakaopima kila kitu, wakute kila kitu ni kizima, na bado Windows 11 ikatae. Hapo mashine haiumwi. Haina sifa tu.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka angalau GB 4 za ramu, GB 64 za diski, uwezo wa kuwaka kwa UEFI na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Kizazi husomeka kwenye jina: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha 11.

Hili linazigusa moja kwa moja familia zinazonunua kompyuta zilizotumika, kwa sababu nyingi ni mashine zilizokuwa za ofisi ughaibuni na zikaondolewa kwa umri. Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine zenye Windows 10 hazikuzimika siku hiyo, ila zilikoma kupokea viraka vya usalama bila malipo kwa utaratibu wa kawaida. Watumiaji wa nyumbani wanaojisajili walipewa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026.

Njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyo na sifa zipo, na mafundi wanazijua. Microsoft haihakikishi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata masasisho. Mzazi akubali akiwa anajua hilo.

Njia nyingine ni mifumo ya bure kama Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilianzia kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo programu huria si jambo geni hapa nchini. Linux Mint inaweza kufanya kazi kwa GB 2 za ramu, ingawa GB 4 ni bora zaidi, na huja na LibreOffice inayofungua nyaraka za Word na Excel. Kabla ya kuamua, mwanafunzi aulizie chuoni ni programu gani anazotakiwa kuwa nazo. Zipo zinazofanya kazi kwenye Windows pekee.

Window ya bure yenye gharama

Kishawishi kikubwa ni window iliyokrakiwa. Programu za kuvunja leseni mara nyingi humwambia mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na huo ni mlango wazi kwa wezi wa nywila. Kompyuta ya mwanafunzi ndiyo yenye akaunti ya mkopo, barua pepe na huenda huduma za benki. Aidha, kunakili programu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Wengi hawajui kwamba mashine nyingi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8, zilizouzwa zikiwa na Windows, zina leseni iliyofichwa ndani ya ubao mkuu. Ukisakinisha toleo lile lile la awali kutoka tovuti rasmi ya Microsoft na kuunganisha intaneti, leseni hujitambua yenyewe.

Wakati wa kununua iliyotumika, mtaka kununua asiridhike kuiona inawaka. Aombe aingie kwenye mipangilio ya ndani mbele ya muuzaji. Ikidai nywila asiyoijua mtu, aiache. Aidha, ikiwa baada ya kusakinisha mashine inadai barua pepe ya kampuni fulani, maana yake bado ipo kwenye orodha ya mwenye mali wa zamani, na itaendelea kudai hivyo hata ikipigwa window mara kumi.

Kwa fundi, uliza bila haya

Fundi mzuri haudhiki kwa maswali. Mzazi anaweza kuanza na haya: Umepima nini mpaka sasa? Ramu imepimwa kwa saa ngapi? Mafaili yetu yametolewa, na yako wapi? Ni toleo gani unaweka, na umelipata wapi? Kipande ulichobadilisha nitaondoka nacho?

Kuna suala la faragha pia. Kompyuta ya familia hubeba picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa na wakati mwingine majibu ya hospitali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo, ulinzi wa kwanza ni wa mwenyewe: ikiwezekana kaa na fundi diski inaponakiliwa, na nakala zikishatoka hakikisha hazibaki kwenye mashine yake.

Nyumbani nako pana hatari mbili za kiafya. Betri iliyovimba, hata kidogo, isichajiwe, isibonyezwe wala kutobolewa. Inaweza kushika moto. Ile betri ndogo ya duara ya ndani, ikibadilishwa, ya zamani isiachwe mezani. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana hana shida.

Kuhusu mama wa Ikungi, binti ataondoka na mashine yenye GB 4 za ramu. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita, hivyo Windows 11 si yake. Itakwenda na Linux Mint, na kipande cha pili cha ramu kitasubiri fedha za vitunguu. Nakala moja ya picha ipo kwenye diski ya nje kabatini, nyingine kwenye flashi kwa mjomba. Nakala moja hupotea, na aliyewahi kupoteza hahitaji kukumbushwa.